Makofi Yaliyokatwa

"Funga mlango kwanza," mwanamke alisema, hata salamu hajatoa. "Na ukiwa humu ndani wewe ni mjomba wangu. Akiingia mtu, umekuja kunichukua twende kumtazama mgonjwa."

Mpelelezi akafunga mlango. Hakuvaa sare, kama alivyoombwa kwenye simu. Kituoni wenzake walimwita Kobe, kwa ajili ya nyonga yake mbovu, na pia kwa sababu hakuna mkubwa aliyewahi kumharakisha akaharakika. Alitafuta mahali pa kuweka kofia, akaona meza pana iliyofunikwa shuka, akataka kuitua hapo.

"Hapo hapana, mjomba. Chini ya shuka kuna meza ya sauti. Ya zamani, lakini bado inakula umeme."

Akaipakata kofia yake.

Kilikuwa chumba cha uhariri, ghorofani, kwenye jengo la masomo ya mtandaoni la chuo. Dirisha moja, feni moja inayokwaruza, skrini mbili, na hedifoni iliyofungwa plasta pale ilipovunjika. Mwanamke alikuwa na miaka thelathini na kitu, na chuo kizima kilimwita Masikio. Walimu wanarekodi masomo yao nyumbani: skrini ya kompyuta na sauti ya mwalimu, basi, uso hakuna. Yeye anasikiliza, anakata palipoharibika, halafu anaandika manukuu, yale maneno yanayopita chini ya picha. Somo lisilo na manukuu halipandi mtandaoni. Ndiyo sheria ya kitengo, maana kuna wanafunzi viziwi kumi na mmoja.

Alikuwa ameikalia mikono yake.

"Anza mwanzo," Kobe alisema. "Taratibu, mwanangu. Mimi sina haraka."

"Haraka unayo, ila hujaijua bado."

Kobe akafungua daftari. Mwanzo wenyewe alikuwa nao tayari. Mwalimu wa ramani, yule anayefundisha wapimaji kuchora viwanja kwa kompyuta, hakuonekana tangu Jumatatu mchana. Leo Ijumaa. Jumatano saa nne asubuhi mumewe, muuguzi, alifika kituoni, macho mekundu, akaketi mbele ya Kobe na kumwonyesha meseji ya mkewe: *Niko kwa mama mdogo, nataka utulivu nimalize masomo. Usinitafute.* Mama mdogo akapigiwa simu. Hakuwa amemwona mtu.

Wenzake walicheka. Mtu gani amepotea halafu anatuma kazi kila siku? Somo la tisa lilifika Jumanne, la kumi Jumatano, la kumi na moja Alhamisi. Wengine, wasiocheka, walimnyooshea mume kidole, kwa sababu walikuwa wamegombana Jumapili. Kobe alimuuliza waligombania nini.

"Upuuzi," mume alijibu. "Alisema kompyuta yake ina jini. Eti kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini. Mimi nikacheka, yeye akanuna. Ndilo la mwisho tulilozungumza, afande. Jini."

Kobe aliliandika lile neno, akalizungushia duara, asijue la kulifanyia.

"Soma hii," Masikio alisema, akamgeuzia skrini. "Imeingia leo asubuhi. Ni mwanafunzi wangu mmoja kiziwi."

Kobe akavaa miwani. *Shikamoo dada Masikio. Jogoo wa mwalimu amechinjwa?*

"Jogoo gani?"

"Siandiki maneno tu, mjomba. Naandika na sauti, kwenye mabano. Jogoo. Pikipiki inapita. Mtoto wa jirani analia. Hawa watoto wanayapenda mabano kuliko somo lenyewe, huyu ananiambia nyumba ya mwalimu anaijua kama ya shangazi yake." Akaichukua hedifoni. "Nikarudi kutazama. Somo la tisa, la kumi, la kumi na moja. Sikuandika mabano hata mara moja. Hayakuwepo ya kuandika."

"Labda alifunga madirisha."

"Nimeisikiliza nyumba ile miaka mitatu. Bati lake likipata jua linalia, ka, ka, ka. Dirisha utafunga. Bati utalifunga na nini?"

Akamvisha hedifoni. Kobe akasikia sauti ya mwanamke anayefundisha, polepole na safi, safi kupita kiasi. Haikugonga ukuta wala dari. Ilikuwa kama mtu anayezungumza ndani ya godoro. Kobe akavua.

"Chumba kinachomeza sauti," alisema.

"Ehe. Sasa ngoja la pili. Hili ndilo linaloniua." Masikio akainama mbele, sauti ikashuka. "Mwalimu akikosea anaporekodi, hasimamishi mashine. Anapiga kofi moja, pa! Halafu anarudia sentensi. Tulikubaliana hivyo. Kofi linatokea kwenye mstari wa sauti kama mwiba juu ya nyasi, mimi naliona hata kabla sijalisikia, nakata kuanzia kwenye kosa mpaka kwenye kofi. Kazi inakwenda haraka."

"Sawa."

"Somo la tisa lilikuwa na makofi manne. Nikakata. La kumi matatu. Nikakata. Jana manne. Nikakata, nikasafisha, nikapandisha, nikaenda nyumbani kula." Macho yakamjaa. "Jogoo ndiye aliyenizindua. Nikajiuliza, mtu anayekaa kimya kiasi hiki, mbona anakosea sana?"

"Ulivyovikata viko wapi?"

"Kwenye pipa la taka la kompyuta. Vinakaa siku saba kabla havijafutika. Nimevirudisha. Sijathubutu kuvitazama peke yangu."

Wakavitazama wawili, hedifoni kila mmoja sikio moja, vichwa vimegusana kama ndugu wanaochungulia tundu. Kwenye skrini palikuwa na ramani ya mazoezi, ile ile ya kila siku: uwanja wa chuo, kila jengo mstatili wenye namba. Sauti ya mwalimu ikasema, *Sasa chagua jengo moja na upime kona zake.* Kishale kikatambaa, kikatua juu ya mstatili namba nne. Ukawaka njano. Pa! Kisha ikarudiwa, *Sasa chagua jengo moja na upime kona zake*, na safari hii kishale kikaenda kwenye namba tisa.

"Simamisha," Kobe alisema. "Kosa liko wapi hapo?"

"Hakuna kosa. Sentensi zote mbili sawasawa. Jengo lolote linafaa."

"Endelea."

Kofi la pili: namba nne, njano, pa! La tatu: namba nne. La nne: namba nne. Kobe alikuwa akiandika dakika na sekunde, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Alisimamisha mara moja zaidi, akaisogeza miwani kwenye kona ya skrini, kwenye saa. Somo la kumi lilirekodiwa Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo mume alikuwa ameketi mbele yake, anafuta kamasi kwa leso. Akalifuta jina la mume kwenye daftari kwa mstari mmoja.

Mpaka mwisho wa somo la kumi na moja walikuwa wamehesabu makofi kumi na moja. Yote juu ya namba nne.

"Aliyemsimamia pale akirekodi hajui upimaji," Kobe alisema. "Anajua kofi ni kosa, kwa hiyo alidhani amechagua jengo baya. Na wewe ulipokata kosa, ulikata na jengo."

"Nimemkata mimi mwenyewe." Masikio alijifunika mdomo. "Alikuwa ananiita, mimi nasafisha."

"Hii hapa ni nini?" Kobe aliuliza. Katikati ya somo la jana, kwenye rasimu ya manukuu ya Masikio, palikuwa na mabano yenye alama ya kuuliza.

"Sauti ya pekee niliyoisikia. Sikuitambua, nikaitoa kabla ya kupandisha. Sikiliza."

Kobe akasikiliza. Mbali na maiki, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Mara mbili. Tak, tak. Hata yeye hakuitambua.

"Jengo namba nne ni lipi?"

Masikio aliinua kidole, akagonga meza.

"Hili hapa, mjomba. Hili tulilomo."

Feni ikakwaruza. Mwanzo Kobe aliwaza kwamba mwalimu alikuwa akimtaja mtu wa jengo hili. Kisha akaliweka lile na lile pamoja, taratibu kama kawaida yake: chumba kinachomeza sauti, jengo namba nne.

"Humu mna studio?"

"Haipo. Ilikuwepo. Studio ya chini, chini kabisa ya ngazi. Bomba lilipasuka, maji yakaingia, ikafungwa. Mwaka wa tatu sasa, hakuna anayeshuka. Hii meza ya sauti ilikuwa yake, nyaya zake bado zinapita ukutani mpaka kule chini. Funguo nadhani zilibaki kwa..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama skrini.

Mkono wake ulikuwa pajani. Mkono wa Kobe ulikuwa kwenye daftari. Na kishale kilikuwa kinatembea.

Kilikwenda polepole, kikapinda, kama mtu anayepita chumbani anatazama vitu vya wenyewe. Kikatua juu ya somo la kumi na moja. Likafungwa. Kikaenda kwenye la kumi. Likafungwa. Kikayakusanya yote matatu, kikayaburuta mpaka kwenye pipa la taka, na safari hii kikalimwaga pipa lenyewe.

"Usipige kelele," Kobe alinong'ona.

"Ni fundi," Masikio alinong'ona. "Volti. Anatutengenezea mashine zote akiwa kwenye kiti chake, anaingia kwa mtandao bila kuzigusa. Huwa anaomba ruhusa kwanza."

Kobe alikuwa anatazama lile duara kwenye daftari. "Na mashine ya mwalimu?"

"Ya kila mtu."

"Mwalimu ana nini kwenye kompyuta yake ambacho mtu angekitaka?"

"Ana mtihani wa leseni," Masikio alisema polepole. "Wa wapimaji wote. Yeye ndiye mtunzi." Kisha akamshika mkono. "Mjomba, somo la nane. Lilinifikia limepungua dakika nane. Nilimuuliza Volti, akasema umeme ulikatika. Lakini mwalimu huwa anaacha mashine inarekodi akienda kunywa maji. Kama kishale kilitembea wakati huo kuufungua mtihani, kilirekodiwa."

"Na mwalimu akalileta kwa fundi amweleze ni jini gani." Kobe akafunga daftari. "Masomo ni mangapi jumla?"

"Kumi na mawili. La kumi na mbili ni leo."

"Halafu?"

Masikio alilitazama pipa tupu kwenye skrini. "Halafu hakuna atakayemngojea tena."

Nyayo zikasikika kwenye korido.

Aliyeingia alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi wa uso, shati limejaa kalamu na bisibisi mfukoni. Kiunoni kilining'inia kishada cha funguo. "Masikio!" alisema. "Unafukua takataka za nini mchana wote? Mashine yako inahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Nimekusafishia."

"Nilikata pabaya," Masikio alisema. "Nilikuwa narudisha."

"Somo limeshapanda, unarudisha la nini?" Alikuwa anacheka, lakini jicho lilikuwa kwa Kobe. "Na huyu?"

"Mjomba wangu. Tunakwenda kumtazama mgonjwa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba," Kobe alisema kwa uchovu, akajikuna goti kama wazee wanavyojikuna. "Mnatuchelewesha na hivi vioo vyenu."

"Mzee, vioo ndivyo vinavyotulisha!" Volti akainama kutazama chini ya meza. "Ngoja nione waya wako, nahisi umelegea. Sogeza miguu."

Akachuchumaa. Magoti yake yakalia.

Tak, tak.

Masikio akawa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kichwa cha Volti kilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye magoti yake mwenyewe. Hakuweza kusema. Hakuweza kumtazama Kobe usoni. Vidole vyake vikapanda kwenye kibodi vyenyewe, vikafanya kazi vinayoijua, na chini ya skrini pakatokea mstari mmoja mweupe:

[magoti ya mwanamume, mara mbili]

Kobe akausoma. Akafumba macho mara moja, akafumbua. Masikio akaufuta, herufi kwa herufi.

"Uko sawa tu," Volti alisema kutoka chini, akanyanyuka akishika meza. "Sasa sikia. La kumi na mbili limefika hivi punde, limo kwenye faili zako. Mkuu wa kitengo analitaka lipande kabla ya saa kumi na moja. Piga manukuu haraka haraka, wala usihangaike na kukata, nimeshakata mimi. Tulimalize, kila mtu aende zake."

"Ngoja nisikilize."

"Usikilize nini? Mashine si inaandika yenyewe siku hizi?"

"Ikiandika yenyewe, 'kona nne' inakuwa 'konokono'. Ngoja nisikilize."

Volti akaegemea ukuta, mikono kifuani. Kobe akaanza kupiga miayo. Masikio alivaa hedifoni, akafumba macho, na kwa dakika tano chumba kizima kilisikia feni tu. Karibu na mwisho alifumbua macho. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Hili siliandiki," alisema.

"Eti nini?"

"Hajasema wahifadhi." Sauti ilimpasuka, akaikohoa ikarudi. "Kila somo, miaka mitatu, anamaliza kwa kuwaambia wahifadhi kazi yao. Leo hajasema. Wanafunzi watafunga mashine, ramani zao zipotee, halafu lawama kwa nani? Kwangu. Mwambie airekodi hiyo sentensi, vinginevyo siliandiki, na Mkuu nitamwambia mimi mwenyewe."

Volti alimtazama. Akamtazama Kobe, aliyekuwa amefumba macho kama mtu anayesinzia. Kisha akavuta mdomo. "Una ukorofi wewe, dada. Sentensi moja?"

"Moja tu."

"Nitampigia." Akatoka. Funguo zikaenda zikilia kwenye korido, kisha kwenye ngazi. Hazikwenda upande wa ofisi yake. Zilishuka.

Kobe alikuwa tayari amesimama, simu mkononi. Kituo kilimjibu kwa maneno matano: *Gari liko mbali. Dakika arobaini.*

"Hajasahau," Masikio alisema. "Yule hasahau kuhifadhi. Ameiacha sentensi makusudi ili nilirudishe somo. Amejinunulia dakika."

"Na wewe umemwongezea. Ile meza ya sauti, ukiiwasha utasikia chini?"

"Maiki yake ikiwa wazi, nitasikia."

"Iwashe. Chochote utakachosikia, niandikie kwenye simu. Kama unavyowaandikia wale kumi na mmoja." Akaizima simu yake mlio. "Mimi pale mlangoni nitakuwa kiziwi wa kumi na mbili."

Ngazi za chini zilinuka unyevu. Kuta zilikuwa na mstari wa kahawia pale maji yalipofika zamani, kiunoni kwa mtu mzima. Kobe alishuka kwa kushika ukuta, mguu mmoja, mguu wa pili, nyonga inamuuma. Balbu moja ilikuwa inawaka. Chini yake mlango mnene, sponji imechungulia pembeni kama ulimi. Akaweka sikio. Hakusikia kitu. Angeweza mtu kuuawa upande wa pili, naye angesikia pumzi zake tu.

Ukutani palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, umejaa vumbi. Akautungua. Bawaba zilionyesha kwamba mlango unafunguka kuja nje. Akasimama upande wa bawaba, mtungi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Mwanga ukamulika kiganjani.

[magoti]

MWANAMUME: Mwisho hukusema wahifadhi. Amelikataa.

MWALIMU: Nani?

MWANAMUME: Mkorofi wako wa juu. Soma, sentensi moja.

MWALIMU: Kabla hujafunga, hifadhi kazi yako.

MWALIMU: Samahani. Koo limekauka. Narudia.

[maji]

MWALIMU: Kabla hujafunga, hifadhi kazi yako.

MWANAMUME: Imetosha.

MWALIMU: Sijaridhika nayo. Mara moja tena.

MWANAMUME: Imetosha nimesema. Simama.

[kiti]

Kobe alibadilisha mkono. Kiganja kilikuwa kinateleza.

MWALIMU: Kuna somo la kumi na tatu. La marudio.

MWANAMUME: Hakuna.

MWALIMU: Wanalingojea. Waulize.

[kimya]

[kimya]

Kobe hakuwahi kusoma neno likamtisha kama lile. Aliutazama mlango. Hauvunjiki kwa bega la mzee. Akigonga, atakuwa amemwambia mtu aliye ndani pamoja na mwanamke kwamba hana tena cha kupoteza. Akangoja.

[tepu inachanwa]

[anapumua kwa pua, haraka haraka]

[kitu kinaburutwa]

Mwanga ukazimika, ukawaka.

[funguo]

*anakuja mlangoni mjomba anakuja*

Kitasa kikashuka. Mlango ukafunguka kuelekea kwa Kobe, ukamfunika, na kwanza akatokea mgongo wa Volti, ameinama, anarudi nyuma, anaburuta kiti chenye magurudumu. Kobe hakusema "simama", hakusema "polisi", maneno yote hayo aliyaacha juu na kofia yake. Aliushika mtungi kwa mikono miwili akaushusha kwenye goti, lile lile lililojisema lenyewe.

Volti alianguka na ukelele uliojaza korido nzima. Kobe akamwangukia, kwa uzito wake wote na nyonga yake yote, akamkandamiza uso sakafuni, akapapasa pingu mfukoni, akakosa, akapapasa tena. Funguo zilikuwa zimeruka mpaka ukutani. Simu ilikuwa imeruka pia. Pingu moja, ya pili. Ikabana.

"Mzee," Volti alikuwa anahema, "mzee, sikiliza, tunaweza..."

"Utasema kituoni. Kule kuna mtu wa kuandika."

Akageuka. Kwenye kiti alikuwa ameketi mwanamke mwenye kilemba kilicholegea, mdomo umezibwa kwa tepu, miguu imefungwa, mikono imefungwa mbele kwenye vifundo. Macho yalikuwa wazi kabisa. Alimtazama Kobe, akamtazama mtu aliyelala chini, akamtazama tena Kobe, kama anayehakikisha kila kona. Nyuma yake, ndani ya studio, maiki ilikuwa bado wazi, taa yake ndogo nyekundu inawaka.

Kobe alijaribu kunyanyuka, nyonga ikakataa. "Wewe ni mwalimu," alisema kijinga, akiwa amekaa sakafuni. "Mumeo amekuja kituoni mara tatu. Na jogoo wenu, wanafunzi wanamuulizia."

Mwanamke hakuweza kujibu. Aliinua mikono yake iliyofungwa, akaviachanisha viganja kadiri kamba ilivyoruhusu, akavikutanisha.

Pa!

Pembeni, karibu na ukuta, simu ya Kobe ikawaka. Akaivuta kwa ncha ya kiatu, akaisoma.

[kofi moja]

Na chini yake, baada ya muda kidogo:

*hili silikati*